Kabla Hujaifomati: Namna ya Kuchunguza Kompyuta ya Nyumbani Inayoshukiwa Kuwa na Virusi

"Fundi, kompyuta imeingia virusi." Hivyo ndivyo wateja wangu wengi hapa Kondele, Kisumu, wanavyoanza hata kabla hawajaketi. Ugonjwa umeshapewa jina, na mara nyingi dawa pia imeshatajwa na mtu mwingine: futa kila kitu, fomati, anza upya.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Nyalenda aliniletea laptopu iliyokuwa imefomatiwa wiki moja kabla. Ilikuwa ikienda polepole na kuzima yenyewe, akaambiwa ni virusi. Ikafomatiwa, na siku ya tano ikarudia yale yale. Nilipoifungua, nilikuta feni imezibwa na vumbi lililoshikana kama pamba ya godoro kuukuu. Nikalitoa, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, ikapona alasiri hiyo hiyo. Lakini picha za mazishi ya mamake kule Siaya, ambazo hazikuwa kwingine kokote, zilikuwa zimeshaenda. "Mwanangu, sasa nitamwona wapi?" aliniuliza, nami sikuwa na jibu.

Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na uchunguzi, unapitia kuokoa mafaili, na kufomati nimekuweka mwisho kabisa. Maelezo ni ya Windows 10 na Windows 11. Maneno ya kwenye skrini nimeyaandika kama utakavyoyaona, maana kompyuta nyingi za huku ziko kwa Kiingereza.

Hatua ya 1: Kata intaneti, shika simu

Zima waifai au chomoa kebo. Kama unatumia hotspoti, izime kwenye simu yenyewe. Programu mbaya za siku hizi kazi yake kubwa ni kuwasiliana na mwenyewe aliyezituma: kumpelekea nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, kupokea amri zake, na kuleta wenzake waingie nyuma. Ukikata njia, umeizuia kazi hiyo ukiwa bado hujajua hata jina lake. Tena kwa sisi tunaonunua bando, bando linaloisha mapema bila mtu kutazama video ni dalili inayostahili kufuatiliwa.

Usiingie benki, iTax (ya kodi) wala eCitizen (ya huduma za serikali) kwa kompyuta hiyo mpaka umalize hatua zote. Chukua simu na ubadilishe nywila zako ukiwa huko. Anza na barua pepe, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila akaunti uliyo nayo. Ukiwa kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti, tafuta mahali pa kutoa vifaa vyote vilivyoingia, uvitoe. Watu wengi huiruka hatua hii. Programu za wizi huchukua pia vidakuzi, yaani vile vijifaili vinavyokuwezesha kuingia bila kuandika nywila kila mara, na mwizi aliye navyo anaweza kubaki ndani ya akaunti hata baada ya wewe kubadilisha nywila. Ukishatoa vifaa vyote, washa uthibitisho wa hatua mbili.

Kuna jambo moja lisilosubiri. Ukiona mafaili yanabadilika majina mbele ya macho yako, yanapata mkia wa ajabu mwishoni na kukataa kufunguka, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime kabisa. Hicho ni kirusi kinachofunga mafaili ili udaiwe fidia, na kila dakika mashine inapobaki imewaka kinaendelea kufunga mengine.

Hatua ya 2: Ni virusi kweli?

Hapa usiwe na haraka. Dalili zinazolaumiwa virusi, yaani kwenda polepole, kuganda, kuzima ghafla na kelele za feni, zina wenyewe wengine kadhaa.

Joto na vumbi ndio wa kwanza ninaowashuku. Kisumu kuna joto mwaka mzima, na mtu akiweka laptopu juu ya kitanda au kochi, matundu ya hewa yanazibwa na kitambaa. Nakuru kuna baridi zaidi, lakini vumbi lake jepesi wakati wa kiangazi linaingia kila mahali. Weka kiganja karibu na tundu la hewa: kama upepo ni wa moto sana lakini hafifu, au hautoki kabisa ilhali feni inavuma, tatizo liko hapo. Kompyuta iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ikizidiwa huzima. Hakuna antivirusi ya kutibu hilo. Brashi laini na pampu ya hewa vinatosha.

Wa pili ni diski inayokufa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha bonyeza "Performance". Fanya hivi baada ya kuwasha kompyuta na kuiacha itulie dakika kumi bila kufungua chochote, maana dakika za mwanzo kila mashine ina shughuli zake. Kama diski inaonyesha asilimia 100 muda wote ilhali kasi ya kusoma na kuandika ni ndogo mno, na hasa kama ni diski ya zamani ya kuzunguka na unasikia mlio wa tik-tik, usianze kupima virusi. Upimaji husoma kila faili na unaweza kuimalizia diski iliyo hoi. Nenda moja kwa moja hatua ya 3, uokoe mafaili, kisha ununue SSD, yaani diski mpya isiyozunguka. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma afya ya diski na kukuonyesha "Good", "Caution" au "Bad", na mimi huanza nayo kwa kila mashine iliyotumika ng'ambo kabla ya kuletwa huku.

Wa tatu ni uchache wa memori. Kompyuta yenye GB 4 za memori, Chrome ikiwa na kurasa ishirini wazi, itakwenda kama punda mgonjwa bila kirusi hata kimoja. Kwenye Task Manager fungua "Processes", panga programu kwa "Memory" na utaona nani anakula. Angalia pia kama diski C: imejaa, kwa sababu Windows inahitaji nafasi ya kupumua.

Halafu kuna matangazo yanayochomoza pembeni chini kulia, mengine yakipiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi 5 na ubonyeze hapa haraka. Mara nyingi haya ni arifa za kivinjari tu. Siku moja mtu wa nyumbani alibonyeza "Allow" kwenye tovuti ya mpira au ya filamu, na tovuti hiyo ikapata ruhusa ya kutuma ujumbe. Vivyo hivyo ukurasa unaojaza skrini nzima, ukilia king'ora na kukupa namba ya kupiga, ni ukurasa wa tovuti wenye nia ya kukutisha. Usipige namba hiyo wala kumruhusu yeyote aingie kompyuta yako kutoka mbali. Bonyeza Alt na F4. Ikishindikana, fungua Task Manager, chagua kivinjari, kisha "End task".

Basi dalili zipi ni za virusi kweli? Antivirusi iliyojizima na kukataa kuwashwa. Folda za flashi zilizogeuka njia za mkato, zile zenye kimshale kwenye pembe ya ikoni. Ukurasa wa kutafutia uliobadilika na unaorudi kila ukiurekebisha. Programu ambazo hakuna aliyezisakinisha. Jamaa kupokea kutoka kwako barua pepe ambazo hukuziandika. Prosesa kufanya kazi kwa asilimia 80 au 90 wakati hakuna anayeigusa, kisha kushuka ghafla pindi unapofungua Task Manager. Hiyo ni tabia ya programu za kuchimba sarafu za kidijitali zinazojificha zisionekane. Ukiona moja au mbili kati ya hizi, endelea na hatua zote zilizobaki.

Hatua ya 3: Okoa mafaili

Tafuta diski ya nje na unakili picha, video, nyaraka na vitabu vya hesabu za biashara. Usinakili programu, yaani mafaili yanayoishia na .exe, .msi, .bat, .vbs au .lnk. Ili uone mikia hiyo (isipokuwa .lnk, ambayo utaitambua kwa kile kimshale kwenye ikoni), fungua folda yoyote na uwashe chaguo la "File name extensions" kwenye "View". Bila hivyo, faili linaloitwa risiti.pdf.exe litaonekana kwako kama risiti.pdf.

Ukimaliza, chomoa diski hiyo na uiandike kwa kalamu: haijapimwa. Itapimwa baadaye kwa kompyuta iliyo safi.

Kama mafaili yako yamefungwa na waliokudai fidia, yanakili hivyo hivyo yalivyo, usiyafute. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi vya aina hiyo, na funguo mpya huongezwa kadiri zinavyopatikana. Faili lisilofunguka leo huenda likafunguka mwakani. Kulipa sishauri, hakuna kinachomlazimisha mwizi kukupa ufunguo.

Hatua ya 4: Safisha kivinjari na uondoe wageni

Kwenye Chrome fungua "Settings", kisha "Privacy and security", "Site settings", halafu "Notifications". Ondoa kila tovuti usiyoijua. Kisha fungua sehemu ya "Extensions" na uondoe viongezi vyote ambavyo huwezi kueleza vinafanya kazi gani. Dakika tano hizi humaliza malalamiko ya watu wengi sana.

Sasa toka Chrome, nenda "Settings" ya Windows yenyewe, "Apps", orodha ya programu zilizosakinishwa, uipange kwa tarehe. Jiulize shida ilianza lini, kisha tazama kilichoingia siku zile. Usifute kwa kubahatisha: jina lenye Intel, Realtek au Microsoft kwa kawaida ni la mashine yenyewe. Mwisho, kwenye Task Manager fungua "Startup apps", ambayo kwenye Windows 10 imeandikwa "Startup", uzime vile visivyohitajika kuamka na kompyuta.

Rudi "Settings" ya Windows, uangalie pia "Network & internet", kisha "Proxy". Nyumbani, sehemu ya kuweka proksi (kompyuta ya kati ambayo mawasiliano hupitia) kwa mkono inatakiwa kuwa imezimwa. Ukiikuta imewashwa na hukuiwasha wewe, kuna anayepitisha mawasiliano yako kwake.

Hatua ya 5: Pima, mara mbili

Huhitaji kununua antivirusi. Windows 10 na 11 huja na Defender, nayo inatosha nyumba nyingi. Chaji laptopu ijae kwanza, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kazi utaanza upya. Washa intaneti kwa muda, fungua "Windows Security", kisha "Virus & threat protection", na chini kabisa bonyeza "Check for updates". Antivirusi isiyo na orodha mpya ni kama askari asiyepewa picha za anaowatafuta. Ikishasasishwa, kata intaneti tena.

Bonyeza "Scan options", chagua "Full scan", uiache ifanye kazi. Kwa diski ya zamani inaweza kuchukua saa kadhaa, iache usiku. Ikimaliza, rudi mahali pale pale na uchague upimaji wa Microsoft Defender wenye neno "offline". Kompyuta itazima, iwake kwa skrini tofauti, ipime kwa takriban dakika 15, kisha irudi. Upimaji huu nauamini kuliko wa kwanza, kwa sababu Windows inakuwa haijaamka, na programu mbaya inayojificha ndani ya Windows inakutwa imelala.

Kwa rai ya pili tumia Malwarebytes ya bure, au Microsoft Safety Scanner, ambayo nakala yake hutumika siku 10 tu tangu uipakue. Usisakinishe antivirusi mbili za kudumu pamoja. Zitapigana na kuifanya kompyuta izidi kuwa nzito.

Kama kirusi kinazuia haya yote, ingia kwa njia salama: shikilia Shift huku ukibonyeza "Restart", kisha "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", na ubonyeze namba 4. Baadhi ya kompyuta mpya zitaomba ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski; huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, na unaweza kuusoma kwa simu.

Soma majina ya kilichopatikana. Jina litakaloonekana sana kwa mashine zilizonunuliwa madukani mitaani ni HackTool:Win32/AutoKMS. Huyo ni mtambo wa kuiwezesha Windows bila leseni, uliowekwa na aliyekuuzia. Wengi huniambia nimwache kwa kuwa "hana neno". Mimi humwondoa. Aliyeisakinisha alilazimika kwanza kuizima antivirusi, na mitambo ya namna hii ikipakuliwa kutoka tovuti zisizojulikana huja mara kwa mara na wizi wa nywila ndani yake. Mchezo au programu ya kuhariri video iliyovunjwa kufuli ni hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Flashi

Kirusi kinachosumbua zaidi magharibi mwa Kenya, kwa ninavyoona mezani pangu, hutembea kwa flashi. Walimu ndio wanaoumia. Mwalimu anaandika mtihani nyumbani, anaupeleka saiba (duka la intaneti na uchapishaji) karibu na shule ukachapwe, anarudi na flashi. Akiifungua, folda zote zimekuwa njia za mkato za KB 1 au 2. Anabonyeza mojawapo, folda inafunguka kama kawaida, anashusha pumzi. Kumbe ule mbonyezo ndio uliokiamsha kirusi, na sasa kila flashi itakayochomekwa kwa kompyuta yake itaambukizwa.

Mafaili yenyewe hayajapotea, yamefichwa. Safisha kompyuta kwanza kwa hatua ya 5, la sivyo utasafisha flashi leo na kuikuta mbovu kesho. Kisha chomeka flashi bila kubonyeza chochote ndani yake. Tazama "This PC" imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, kisha andika mstari huu kama ulivyo na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hakikisha herufi ni ya flashi, wala si C. Subiri mpaka mstari mpya utokee. Folda zako za kweli zitaonekana kando ya njia za mkato za uongo. Wakati mwingine zote zimetiwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue utazikuta. Futa njia za mkato na faili lolote la .vbs, .js au .exe usilolijua, kisha ipime flashi kwa kubonyeza kulia na kuchagua Defender.

Kuanzia hapo, ukitaka kuchapa saiba, tuma waraka kwa barua pepe au WhatsApp ya saiba. Flashi ibaki nyumbani. Lakini usiingie barua pepe yako mwenyewe kwenye kompyuta ya saiba.

Hatua ya 7: Ikirudi, ndipo ufomati

Kama baada ya wiki moja dalili zilezile zimerejea, au upimaji unakuta kitu kile kile kila mara, sasa fomati bila huruma. Mafaili yako yako salama kwenye diski ya nje. Usitegemee "Reset this PC" kwa mashine iliyoambukizwa vibaya. Nenda kwa kompyuta safi yenye intaneti nzuri, pakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, utengeneze flashi ya kusakinishia ya angalau GB 8, kisha uwashe kompyuta yako kwa flashi hiyo na ufute sehemu zote za diski kabla ya kusakinisha. Ni GB kadhaa za kupakua, kwa hiyo kwa bando la simu itauma. Mashine iliyokuja na leseni halali itajitambua yenyewe ikiunganishwa na intaneti, maana leseni imefungamana na ubao mama, hivyo usilipishwe leseni mara ya pili.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zilizotumika ng'ambo hazitimizi masharti ya Windows 11, hasa zile za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa mashine ya namna hiyo, inayotumika kuandika, kusoma na kuvinjari tu, mimi huweka Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows. Ni ya bure, na watoto huizoea kwa siku mbili.

Ukiamua kumpelekea fundi, mwambie kabla hajaigusa: asifomati bila kukuuliza, akuonyeshe alichokikuta, na nywila za akaunti zako usimpe. Ukiweza kukaa pale anapofanya kazi, kaa. Na kama tayari umeibiwa akaunti au fedha, piga ripoti polisi, na pia kwa KE-CIRT, kitengo cha usalama wa mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hifadhi picha za skrini na tarehe kabla hujasafisha kitu.

Yule mama wa Nyalenda alirudi miezi kadhaa baadaye. Tulikuwa tumewapigia simu ndugu zake wa Siaya na Busia, nao wakatuma picha walizokuwa nazo kwenye simu. Tulipata kumi na saba. Nilizinakili kwenye diski ya nje aliyoinunua mwenyewe, na ya pili akampa dada yake. Yake hukaa kabatini, chini ya nguo, imechomolewa. Kila mwisho wa mwezi huichomeka, ananakili mapya, anaichomoa, anairudisha.